Mguu wa Kushoto wa Ifrah

Viganja vya Isnino vilikuwa vimeshapanda kutoka kwenye kifundo cha mguu hadi chini ya goti, vikashuka, vikapanda tena, ndipo alipogundua kwamba ngozi aliyokuwa akiipaka mafuta ilikuwa na joto lisilo la kawaida. Alisita. Hakuondoa mikono, aliiacha ikae juu ya shavu la mguu wa wifi yake, akawa anasikiliza kwa vidole.

"Mbona umeacha?" Ifrah aliuliza. Alikuwa amelala chali kwenye godoro, binti yake mchanga akisinzia ubavuni mwake.

"Nikikushika hapa, inauma?"

"Inauma hata usiponishika. Ndiyo maana umeitwa."

Hapo palikuwa Bura ya Fafi, nyumbani kwa Bishara, mama yake Ifrah. Ifrah alikuwa mke wa Abdiwali, kaka wa pekee wa Isnino. Alijifungua mjini Garissa kwa upasuaji, na alipotoka hospitalini akaletwa kwa mama yake kupumzika arobaini, kama wafanyavyo wanawake wa kwao. Isnino naye akaja na mkoba wa nguo na tende ili asaidie kufua na kupika.

Bishara alikuwa mwanamke mwenye jina. Hapakuwa na mzazi pale Bura ambaye hakupita mikononi mwake na mafuta yake ya simsim. Lakini wiki ile alikuwa ameteleza kwenye zizi la mbuzi, akateguka kifundo cha mkono wa kulia, akakifunga kwa kitambaa. Basi asubuhi hiyo, baada ya chai, alimtazama Isnino akasema, "Wewe si ndiye unayesomea kukanda? Leo tuone."

Isnino alishtuka, kwa kuwa jambo hilo lilikuwa siri. Kaka yake alijua kwamba anakwenda kwenye kituo cha akina mama karibu na Soko Mugdi, mjini Garissa, kujifunza hina na ushonaji. Kituo kilifundisha hina kweli. Lakini chumba alichoingia Isnino kilikuwa kile kingine, chenye pazia zito, ambamo Mwalimu Ramlo aliwafundisha wanawake kuwakanda wanawake wenzao: mabega ya wachota maji, migongo ya washonaji, vichwa vya waliokosa usingizi. Isnino mwenyewe aliingia mle mara ya kwanza kama mgonjwa. Ndoa yake ya Elwak ilikuwa imevunjika, akarudi kwa kaka yake akiwa mtu asiyelala. Siku Ramlo alipomkanda shingo na kisogo, alilala pale pale kwenye mkeka mpaka adhana ya alasiri. Kesho yake akarudi, akaomba afundishwe.

Abdiwali hakuwa mtu mbaya. Lakini neno masaji alikuwa amelisikia vibarazani kwa wanywa chai, na Isnino alijua wanaume wale hucheka vipi wanapolitamka. Ni Ifrah peke yake aliyejua ukweli. Na Ifrah, kumbe, alimwambia mama yake.

Kuaminiwa na Bishara, nyumbani kwa Bishara, kulimlevya Isnino. Alikunja mikono ya nguo, akapiga magoti, akamimina mafuta. Hakuuliza lolote. Sasa ndipo alipokumbuka kwamba hakuuliza.

Maana alikuwa hajahitimu. Alichokuwa nacho ni misingi: namna ya kukaa usiumie mgongo wako mwenyewe, namna ya kutumia uzito wa mwili badala ya kubana kwa vidole, kusukuma damu kuelekea moyoni, kumsoma mtu kwa pumzi zake. Na msingi mmoja ambao Ramlo aliurudia hadi wanafunzi wakachoka nao, nao ni kujua nani asiguswe. "Kukanda kila mtu anaweza," alikuwa akisema. "Mimi nawafundisha kujizuia."

Isnino alifunua dera la Ifrah mpaka magotini, akailaza miguu yote miwili sambamba. Wa kulia ulikuwa mwembamba, mguu wa msichana. Wa kushoto ulikuwa umejaa, ngozi imevutika inang'aa, na mfupa wa kifundo hauonekani. Aligeuza mkono, akagusa kwa mgongo wa kiganja. Wa kulia, baridi. Wa kushoto ulikuwa kama ukuta uliopigwa na jua.

"Umevimba lini huu?"

"Juzi, nadhani. Mama anasema ni damu ya uzazi inashuka."

"Umekuwa ukitembea?"

"Nitembee niende wapi, nimeshonwa tumbo? Naenda choo nikishikiliwa, narudi kulala."

Isnino alijifuta mafuta kwenye khanga, kidole kimoja kimoja, ili apate muda wa kufikiri.

Bishara aliingia na chetezo, moshi wa ubani ukimtangulia. "Umemaliza upesi hivyo?"

"Sijamaliza, Eedo. Nimeacha." Eedo ni shangazi, na ndivyo alivyomwita kwa heshima. "Mguu huu haufai kukandwa. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Tukiusukuma, donge linaweza kung'oka likapanda kifuani."

Bishara aliweka chetezo chini. Alicheka kidogo, bila ubaya. "Binti yangu, kila mzazi huvimba. Uvimbe ndio kazi yangu."

"Huvimba miguu yote miwili, Eedo. Huu ni mmoja, tena una moto."

"Nani amekufundisha hayo?"

"Mwalimu wangu."

"Amezalisha wanawake wangapi huyo mwalimu?"

"Sijui."

"Yeye mwenyewe amezaa?"

"Sijui, Eedo."

"Hujui." Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Unaingia kwangu, unamtajia mwanangu donge na kifua akiwa hata arobaini hajafika, na ukiulizwa, hujui."

Ifrah aliinua kichwa. "Isnino, ni kweli? Litapanda kifuani?"

"Usimsikilize," Bishara akasema. "Lala."

Isnino alitoka na simu. Ndani ya nyumba hapakuwa na mtandao; ilibidi ufike langoni, kando ya tangi la maji. Alimpigia Ramlo, simu ikakatika. Akapiga tena. Aliukazia macho mlango wa nyumba, kwa kuwa alihofia kitakachofanyika ndani wakati yeye yuko nje. Hatimaye Ramlo akapokea, na Isnino akamweleza yote kwa mkupuo mmoja.

"Anapumua vizuri?" Ramlo aliuliza.

"Anapumua."

"Ulimkanda?"

"Nilianza. Kidogo."

"Asiguswe tena na mtu yeyote. Mimi si daktari, Isnino. Pengine si hilo. Lakini hilo haliamuliwi kwa mikono, linaamuliwa kwa mashine ya hospitali. Mlete Garissa. Leo, usingoje kesho."

"Na kama nimekosea?"

Simu ilikuwa imekatika.

Alirudi mbio. Bishara alikuwa ameketi kwenye mkeka, mguu wa kushoto wa Ifrah ameulaza mapajani mwake, na kiganja cha mkono wake mzima kimejaa mafuta. Kilikuwa kinashuka kuelekea kwenye shavu la mguu.

Isnino akamdaka mkono.

Mkono wa mtu mzima, mama mkwe wa kaka yake, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mafuta yalichuruzika kati ya vidole vyao, yakadondokea mkekani.

"Niachie," Bishara alisema kwa sauti ya chini.

"Siachii, Eedo. Nisamehe. Ukitaka kunilaani, nilaani, lakini usimkande."

"Isnino, niachie mkono wangu."

Ifrah alianza kulia, mtoto akaamka akalia naye. Isnino alihisi mishipa ya mkono wa mama yule ikikakamaa chini ya vidole vyake, akajua kwamba kwa maneno hamwezi. Alikuwa nani yeye? Mwanamke aliyeachwa, anayekula kwa kaka yake, mwenye masomo nusu, tena ya kujificha. Mbele yake palikuwa na mikono iliyowatuliza mabinti wa Bura tangu yeye hajazaliwa. Hapo wazo likamjia: aiulize mikono hiyo hiyo.

"Usikande," alisema. "Shika tu. Weka mgongo wa kiganja hapa, kwenye wa kulia. Kisha hapa. Ukiniambia iko sawa, nitaondoka nyumbani kwako leo hii na sitarudi."

Alimwachia.

Bishara akageuza mkono, akagusa mguu wa kulia. Akagusa wa kushoto. Akarudia. Mara ya tatu hakuondoa upesi. Aliuacha mkono utulie, akafumba macho kama anayejaribu kukumbuka njia. Alipoyafumbua, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Jana ulikuwa umevimba tu," alisema, kana kwamba anajisemea. "Moto huu siujui."

Akauteremsha mguu wa binti yake godoroni polepole mno, akaufunika kwa pindo la dera.

"Mpigie kaka yako."

Walitoka wote wawili hadi langoni, Isnino akapiga. Abdiwali alikuwa dukani kwake mjini Garissa, duka la vipuri vya magari. Nyundo zilisikika nyuma yake. Isnino alimweleza kuhusu mguu, akasema lazima Ifrah arudishwe hospitalini.

"Daktari alimruhusu," Abdiwali alijibu. "Alisema mshono uko sawa. Nani amekwambia mambo ya mishipa?"

"Nilikuwa namkanda."

"Unamkanda wewe kama nani?"

Hapo angeweza kusema uongo mwingine, na ungepita. "Nasomea masaji, Abdiwali. Sikusomea hina hata siku moja."

Nyundo ziligonga, zikagonga. "Tangu lini?"

"Utaniuliza hayo yote nikifika. Mkeo anahitaji gari sasa."

"Asafirishwe na mshono wake, kwa barabara ile, mvua imenyesha, kwa sababu ya elimu uliyonificha?"

"Ndiyo."

"Na ikiwa hana kitu?"

"Basi nitakaa ndani ya nyumba yako, na hutaniona nikitoka tena."

Bishara alimnyang'anya simu. "Abdiwali, mimi mama yako hapa. Tunakuja." Akakata kabla hajajibiwa.

Gari la wagonjwa la kituo cha afya lilikuwa limeondoka alfajiri kuelekea Masalani, pamoja na muuguzi. Lililopatikana ni pikapu ya Olow, mtu wa makamo anayepeleka maziwa ya ngamia Garissa. Madumu ya maziwa yaliachwa pale pale kwenye sehemu ya mizigo; Ifrah akalazwa kiti cha nyuma, mgongo umeegemea mlango, miguu imenyooshwa juu ya mapaja ya Isnino. Bishara alikaa mbele na mtoto.

Isnino hakuwahi kubeba kitu kizito kama mguu ule. Kila gari liliporuka shimo, aliuinua kidogo kwa viganja usigongwe, na kila alipouinua alijiuliza kama anaubana. Joto lake lilipenya dera, likapenya hadi kwenye mapaja yake. Nje, vichaka vilikuwa vimechanua majani mapya, na swala twiga mmoja alisimama kwa miguu ya nyuma akila mgunga. Hakuna aliyemtaja.

Walipofika kwenye laga, mkondo ule ambao wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu, maji mekundu yalikuwa yanapita. Malori mawili yalikuwa yamesimama upande huu, madereva wake wamejilaza kivulini wakingoja maji yapungue. Olow alizima gari, akavua viatu, akaingia majini kupima kina.

Wakati huo ndipo Ifrah aliposema, "Kifua."

"Kifua kina nini?"

"Hapa ubavuni. Nikivuta pumzi, panachoma." Aliivuta nyingine, ikakatikia njiani. Macho yake yalipanuka. "Isnino, siwezi. Haiingii."

Bishara aligeuka nyuma, mtoto mkononi. "Mpake mafuta kifuani! Msugue mgongo, msugue!"

Mikono ya Isnino ilitaka kufanya hivyo hivyo. Ndivyo kila mtu afanyavyo mpendwa wake anapokosa pumzi: humsugua, humpigapiga, humtikisa. Ilitaka mno hata ikamwasha. Aliizuia. Alitoka chini ya miguu ya Ifrah, akaiweka sawa kitini, akazunguka nje, akafungua mlango wa upande wa pili na kuketi nyuma ya mgongo wake, akamwegemeza kifuani pake akiwa wima. Mkono mmoja akaulaza chini ya mtulinga wa Ifrah. Aliulaza tu, hakusugua, hakubonyeza.

"Usipigane nayo," alimwambia sikioni. "Toa kwanza. Toa taratibu, kama unapuliza chai. Nifuate mimi."

Hili lilikuwa somo la siku ya kwanza, kabla hawajaonyeshwa hata chupa ya mafuta. Ramlo aliwaketisha wawili wawili, mgongo wa mmoja kwenye kifua cha mwenzake, akawaambia wapumue. Walicheka hadi machozi. Isnino sasa alijaribu kupumua vile, lakini moyo wake mwenyewe ulikuwa ukidunda mgongoni mwa Ifrah, naye alijua Ifrah anausikia. Hakuna wa kumdanganya. Akaifuata pumzi yake mwenyewe, akaivuta nyuma kidogo kidogo, kama kumrudisha ndama aliyetoroka.

Ya kwanza ikatoka ikitetemeka. Ya pili. Ifrah alikuwa amemshika mkono kwa kucha.

"Vivyo hivyo. Fupi si kitu. Usiifukuze."

Alijua fika kwamba hilo si dawa. Kilichokuwa kifuani mwa wifi yake hakingeondolewa kwa pumzi wala kwa mikono. Kazi yake ilikuwa kuuzuia woga usimmalizie hewa kidogo aliyobaki nayo.

Olow alirudi, suruali imelowa juu ya magoti. Aliwatazama waliokuwa ndani, akaitazama laga, akamtazama dereva wa lori aliyempungia mkono asithubutu. Akawasha gari.

Maji yalipiga milango. Katikati, gurudumu la nyuma liliteleza na pikapu ikaanza kubebwa upande, madumu yakigongana nyuma, na Bishara akapaza sauti kwa Ayatul Kursi hadi sauti ikakwaruza. Injini ilikohoa. Olow hakuinua mguu. Gurudumu likashika changarawe, gari likapanda ukingo kwa kishindo, na Ifrah akatoa mlio mdogo wa maumivu.

"Toa," Isnino alisema. "Toa, nipo."

Karibu na mji palikuwa na kizuizi cha polisi. Askari aliinamia dirisha, akaomba vitambulisho. Olow akajibu kwa Kiswahili chake: "Afande, mgonjwa iko ndani. Hii mama ya mtoto, bumzi nataka kuisha." Askari aliangaza nyuma, akaona midomo ya Ifrah ilivyopauka. Hakuuliza tena. Alikwenda mwenyewe kukiondoa kizuizi.

Abdiwali alikuwa langoni mwa hospitali. Alipomwona mkewe akiteremshwa, aliyasahau maneno yote aliyokuwa ameyaandaa. Alikimbia kando ya kitanda cha magurudumu akiwa ameshika kiatu kimoja cha Ifrah kilichoanguka, mpaka mlango wa chumba cha dharura ulipofungwa mbele yake.

Walingoja. Bishara alimnyamazisha mtoto kwa kumnyonyesha kidole. Abdiwali alisimama dirishani, akiwapa mgongo. Isnino alikaa sakafuni, viganja vimefunguka mapajani. Vilinuka simsim bado.

Daktari aliyetoka alikuwa kijana mwenye macho yaliyochoka. Alisema kuna donge la damu katika mshipa wa mguu, na kipande chake kimefika kwenye pafu. Ifrah alikuwa ameshaanzishiwa sindano za kuzuia damu isigande zaidi. Hali ilikuwa nzito, alisema, lakini amefika akiwa na nafasi. "Mngengoja hadi kesho, ningekuwa nawapa pole."

Abdiwali alifunika uso. Bishara akasema alhamdulillahi, akairudia.

Isnino alisimama. "Daktari, mimi nilimkanda ule mguu. Kidogo tu, kabla sijatambua. Ni mimi niliyeking'oa hicho kipande?"

"Sijui," daktari alisema.

"Nataka uniambie."

"Huenda kilikuwa kimepanda tangu jana. Huenda kiling'oka barabarani. Huenda ni wewe. Hakuna atakayeweza kukwambia, dada. Hata mashine haisemi hilo."

Isnino alikuwa amejiandaa kwa ndiyo, na alikuwa amejiandaa kwa hapana. Kwa jibu hili hakuwa amejiandaa. Alipogeuka, kaka yake alikuwa anamtazama, na ilikuwa dhahiri kwamba amesikia kila neno.

Ifrah alipona polepole. Kwanza aliacha kupumua kwa mdomo, kisha akaweza kuketi, kisha akamnyonyesha mwanawe huku akilalamikia chakula cha hospitali, na Bishara aliposikia malalamiko hayo alitoka nje akalia. Isnino alifua, akapika, akabeba chupa za uji. Lakini alipoombwa kumsaidia Ifrah kugeuka kitandani, alimshika kwa ncha za vidole, kama mtu anayeokota kaa la moto. Kwa Ramlo hakwenda. Simu zake hakupokea.

Alasiri moja Abdiwali alimkuta akianika nepi kwenye ua wa hospitali.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Ningekataa," alikubali. Alichukua nepi moja, akaitundika vibaya. "Nimekwenda kukiona kituo chenu."

Isnino aliacha kuanika.

"Nilisimama nje. Wakaniuliza nataka nini, nikakosa la kusema. Kumeingia bibi na fimbo yake, kumetoka mwingine na fimbo yake. Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

"Nimesikia mengi juu ya neno hilo, Isnino. Bado silipendi." Akainyoosha nepi aliyoitundika. "Lakini Ifrah anapumua. Rudi kwa mwalimu wako."

"Siwezi. Nikinyoosha mikono, naiogopa."

"Hapo mimi siwezi kukusaidia," Abdiwali alisema, na ulikuwa ukweli.

Zilipita siku kadhaa kabla Isnino hajaenda. Aliingia pazia likiwa limeteremshwa, wenzake wameketi duara. Ramlo hakumkumbatia wala kumsifu. Alimwambia awasimulie, naye akasimulia yote, hata sehemu ambayo angependa kuiruka: kwamba alifurahia kuaminiwa, akamimina mafuta kabla ya kuuliza swali hata moja. Na kwamba hatajua kamwe mikono yake ilifanya nini. Alipomaliza, Kowsar, mwanafunzi aliyependa mzaha kuliko wote, alikuwa anatazama viganja vyake mwenyewe.

"Haya," Ramlo alisema. "Leo nani atalala, Isnino afanye kazi?"

Hakuna aliyeinua mkono. Si kwa ubaya. Hata Isnino aliwaelewa. Alianza kuinuka aondoke.

Ramlo alivua viatu. Akaondoa mtandio, akaukunja, akauweka chini ya paji la uso na kulala kifudifudi mkekani, mbele ya darasa lake lote.

Isnino alipiga magoti. Chupa ya mafuta ilikuwa kando yake; hakuigusa. Akaanza kuuliza. Aliuliza kuhusu maumivu, mishono, uvimbe, mimba, homa, dawa. Ramlo alijibu lolote aliloulizwa kwa sauti ile ile ya kawaida, na kwa swali la dawa alisema, "Nina presha. Natumia vidonge, na asubuhi hii kichwa kimezunguka." Wanafunzi walitazamana, hawakuwa wakijua.

"Basi leo sitakukanda kwa nguvu," Isnino alisema. "Na ukiinuka, utainuka polepole, nikiwa nimekushika."

"Sawa."

"Nikuguse?"

"Niguse."

Aliweka viganja mgongoni mwa mwalimu wake, kati ya mabega. Vilikuwa vinatetemeka, na Ramlo bila shaka alivisikia. Isnino hakuviondoa wala kuvisogeza. Alingoja, pumzi ya Ramlo ikipanda na kushuka chini yake, mpaka mtetemo ulipopungua, ingawa haukwisha. Kisha akaanza.